Kalafati ya Mwisho wa Kaskazi

Kalafati ni kazi ya kuziba nyufa zilizo baina ya ubao na ubao wa chombo cha baharini, kwa pamba iliyochovywa mafuta, ili maji yasipenye. Katika pwani ya Waswahili, tangu Lamu hadi Kilwa, kazi hiyo ina msimu wake, nao ni mwisho wa kaskazi. Upepo huo huanza kuvuma mnamo Novemba au Desemba na huandamana na miezi ya joto kali. Ifikapo Machi hulegea, mawingu ya masika hujikusanya, na huingia tanga mbili, wakati usio na upepo wa kutegemewa. Aprili kusi huanza. Kwa karne nyingi majuma hayo machache, joto linapokatika, ndiyo yaliyokuwa majuma ya kuagana.

Vyombo vya Oman na Ghuba vilishuka na kaskazi vimepakia tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Vilirudi na kusi vimejaa boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, pamoja na nazi na nafaka. Nahodha hakuwa na hiari kubwa. Akitoka mapema, upepo humjia usoni. Akichelewa hadi Juni, bahari ya Arabuni huwa imekwisha chafuka, na humbidi asubiri mpaka demani, kusi inapotulia. Kwa hiyo mgeni alikaa katika mji wa watu kwa miezi, akala chakula chao, akazoea majina ya watoto wao, naye alijua tangu siku ya kutia nanga kwamba ataondoka, na takriban lini.

Mazoea hayo ni ya kale sana. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kinaeleza kwamba manahodha wa Kiarabu waliofika pwani hii walikuwa wamezoeana na wenyeji, wameoana nao na wanaifahamu lugha yao. Kitabu hichohicho kinataja vyombo vya kushonwa vya watu wa hapa. Ibn Battuta, aliyepita mnamo 1331, aliona Mogadishu vijana wakitoka kwa mashua kuilaki merikebu, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Ila aliyekwisha kufika mara nyingi na kuujua mji aliachwa achague nyumba aitakayo. Sharti hilo dogo linaonyesha jinsi urafiki ulivyohesabiwa pwani: kwa misimu ambayo mtu amerudi.

Kabla ya kuondoka, chombo kilipaswa kupandishwa. Hilo hufanywa bamvua, yaani maji makuu, likijaa kabisa. Chombo hukingwa kwa magogo ubavuni, na maji yakitoka hubaki juu ya mchanga. Kwanza tumbo lake hukwanguliwa mwani na chaza, kisha hubabuliwa kwa makuti makavu yanayowaka ili wafe wadudu watoboao mbao. Hapo ndipo fundi wa kalafati anapoanza kupita mshono mmoja mmoja. Pamba kuukuu hung'olewa. Mpya husokotwa iwe uzi mnene, huchovywa katika mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake haitoki mkononi upesi. Uzi hulazwa juu ya ufa na kushindiliwa ndani kwa patasi butu na nyundo. Kutoka hapo fundi hutumia sikio kuliko jicho. Mshono wenye nafasi hutoa mlio mzito, uliofifia. Ukishiba, mlio hupanda na kuwa mkavu. Akiacha mapema, maji yatapita. Akizidisha, mbao zitakapofura majini zitasukumana hadi misumari ilegee. Hakuna kipimo cha kazi hii ila mlio huo, na uzuri wake wote umo hapo: mtu hujifunza kukaa kimya kando ya mkubwa wake, akisokota pamba na kusikiliza, muda mrefu kabla hajapewa nyundo. Mwisho hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, kuanzia mstari wa maji kwenda chini. Hata kazi ikiwa safi, chombo kilichokauka juani hakikosi kuvuja kinaposhushwa. Hufuliwa maji kwa subira mpaka mbao zifure na mishono ijifunge.

Yote hayo yalitakiwa yaishe kabla ya bamvua la pili, kiasi cha wiki mbili, kwa hiyo mabaharia wote walishiriki, na kuimba kulisaidia mikono. Mwenyeji aliyekuja kusokota pamba alikuwa anamsaidia rafiki yake aondoke. Kila ufa alioziba ulifanya kuondoka huko kuwe kwa yakini zaidi, na safari kuwa salama zaidi. Ni vigumu kuona pendo lililo wazi kuliko hilo. Urafiki unaomzuia mtu bandarini ni mwepesi kuuonyesha. Huu wa pwani ulimwandalia njia.

Na aliyerudi hakuwa yuleyule, wala mji haukuwa uleule. Katika miezi ya kusi watu walioa, walizaa na kuzikana. Kijana aliyeletwa kama mtumishi wa chombo alirejea serehangi, yaani mkuu wa mabaharia. Wengine hawakurudi kabisa, na wengine walioa hapa wakabaki, na wajukuu wao ni wenyeji leo. Mnamo 1938 na 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri katika bumu la Kuwait hadi Unguja na Rufiji, akaandika na kupiga picha maisha hayo miaka michache kabla hayajapungua. Mafuta ya petroli yaliwapa watu wa Kuwait kazi nyingine, injini zikapunguza haja ya kungoja upepo, na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 safari za majahazi makubwa kutoka Arabuni zilizidi kufifia.

Kazi yenyewe haikufa. Matondoni katika kisiwa cha Lamu, na Nungwi kaskazini mwa Unguja, vyombo vya mbao bado huundwa na kukalafatiwa, ingawa rangi za dukani zimechukua sehemu kubwa ya nafasi ya deheni. Safari za msimu nazo hazikukoma. Zimebaki mikononi mwa wavuvi. Watu wa Kojani, kisiwa kidogo kilicho mashariki mwa Pemba, huenda dago kaskazi inapovuma, wakapiga kambi Tanga na pwani ya Kenya, na wengi hurudi kambi ileile, kwa wenyeji walewale, mwaka baada ya mwaka. Masika yakikaribia, dago huvunjwa, na chombo kinachovuja hupandishwa kwanza kitazamwe mishono, kwa kuwa mkondo wa Pemba una nguvu na bahari yake ni ya kina kirefu.