Ngoma ya Kichuguu

Kwa mpita njia, kichuguu cha Busibwabo, huku Matayos, ni udongo mwekundu tu ulioinuka katikati ya mihogo. Mwenye shamba anajua kina wakazi gani, na lini watakuwa wameota mabawa. Kumbikumbi hawaletwi na mvua, kama watoto wanavyodhani. Huwa wamekwisha kukamilika huko chini, mabawa yamelala mgongoni, wakingoja ishara. Ufundi wa kuwavuna ni kuitoa ishara hiyo kabla ya wingu.

Vijiti viwili, kipande cha gogo kilicholazwa kando ya kichuguu, na mkono usiochoka. Mpigo ni mwepesi, wa haraka, haupandi wala haushuki. Atakayeleta mbwembwe za ngoma ya isukuti ataambiwa akae pembeni. Kinachoigwa ni manyunyu. Mchwa husikia kwa miguu, kupitia mtetemo wa udongo, na askari wa baadhi ya jamii zao hugonga vichwa chini kupashana habari ya hatari. Basi mpigaji huwaendea kwa njia wanayoijua. Wengine hunyunyiza na maji kidogo kwenye matundu, hila ikamilike.

Juu ya matundu husimamishwa kibanda cha fito, kikafunikwa blanketi au majani ya mgomba, ukaachwa mwanya mmoja. Kumbikumbi hukimbilia mwanga, na hapo mwangani pana shimo la kuwapokea. Lakini ninapomvulia fundi kofia si kwenye kupiga wala kutega. Ni kwenye kuchagua. Si kila kichuguu huitika ngoma. Kuna aina hutoka usiku tu, baada ya mvua ya kweli, na hao utawapigia mpaka mikono ife ganzi. Kujua kipi ni kipi, na asubuhi ipi ya masika inafaa, hurithiwa pamoja na kichuguu chenyewe. Nacho kina mwenyewe, usikiguse.

Malaba, malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Uganda, taa huwavuta kumbikumbi usiku wa mvua, na watoto huwazoa kwa beseni. Sina ugomvi na beseni, ila taa huokota waliokwisha kutoka. Kikaangoni, sikatai, wote huiva kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo, ugali wa wimbi kando, na hakuna ulimi utakaotambua yupi aliitwa kwa vijiti.