Gurudumu Linaanzia Kwenye Mzigo

Arusha ina mafundi wa matairi kila kona, na wengi wao wanaweza kubandua tairi, kuziba pancha na kulirudisha mahali pake kabla chai haijapoa. Kazi hiyo wanaijua, na safari nyingi zimeokolewa nayo. Wapo wachache miongoni mwao wenye ujuzi mwingine usioonekana upesi, nao ni ujuzi wa kuchagua. Mpelekee mmoja wao Toyota Hiace iliyogeuzwa nyumba ya safarini, yenye kitanda, jiko, tangi la maji na betri ya pili, umwambie unataka matairi makubwa na rimu za sport. Hatakuonyesha rimu hata moja. Atalizunguka gari, atachungulia chini, atakandamiza kona ya nyuma kwa mikono miwili aone springi zimelalaje, kisha atauliza: "Unabeba nini, kaka, na unapita wapi?"

Ufundi wote umo ndani ya swali hilo. Mteja huja na picha kichwani: gari limeinuka, tairi ni nene lenye meno, rimu ni nyeusi na inang'aa. Picha hiyo haina ubaya, maana macho nayo yana haki yao. Fundi haidharau, anaiweka kando mpaka zamu yake ifike. Kwanza anataka kuujua uzito, kwa sababu kinacholibeba gari ni upepo ulio ndani ya tairi. Mpira, nyuzi na waya vipo ili kuushikilia upepo huo wakati barabara inaupiga kutoka chini na mzigo unaukandamiza kutoka juu. Ukikosea hapo, hakuna uzuri wa rimu utakaokufidia.

Gari la kulala lina uzito usiopumzika. Daladala hushusha abiria wake jioni ikalala tupu, lakini gari hili halishushi kitu. Makabati, jokofu, mtungi wa gesi na godoro vinakandamiza matairi yaleyale usiku na mchana, mwaka mzima. Lita 100 za maji ni kilo 100 kamili. Tangi likifungwa nyuma kabisa, likapita ekseli, magurudumu ya nyuma hubeba zaidi ya kilo hizo 100, kwa kuwa tangi linapokandamiza mkia linaunyanyua kidogo mwisho wa mbele. Kwa hiyo fundi makini humrudisha mteja: jaza maji, jaza mafuta, pakia familia na vyombo, nenda kwenye mizani ya magari, upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Mteja akirudi na karatasi yenye namba mbili, mazungumzo ya kweli yanaanza.

Hapo ndipo utaona watu wanavyosoma tairi. Hiace za umbo lililoanza kutengenezwa mwaka 2004, nyingi hutoka Japani zikiwa na matairi ya 195/80R15, na pembeni yameandikwa 107/105. Tairi lina upana wa milimita 195, ubavu wake una kimo cha asilimia 80 ya upana huo, R inasema nyuzi zake zimesukwa kwa mtindo wa radia, na rimu yake ni ya inchi 15. Wengi huishia hapo. Fundi anaendelea hadi 107, namba ya mzigo, ambayo maana yake ni kwamba tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 975. Namba ya pili, 105, ni kilo 925, nayo ni ya gari lenye matairi pacha nyuma.

Sasa tazama mtego uliopo dukani. Mteja ameshauriwa apande hadi 215/70R16. Kwenye rafu yapo matairi mawili yenye namba hizohizo, meusi yote, mapya yote, na moja ni rahisi kuliko jingine. La bei nafuu limeandikwa 100H. La pili lina herufi C baada ya 16, kisha 108/106. Namba 100 ni kilo 800, na 108 ni kilo 1,000. Tofauti ya kilo 200 kwa kila gurudumu inafika kilo 800 kwa magurudumu manne, na yote imefichwa kwenye herufi moja na tarakimu chache ambazo kidole gumba kinaweza kuzifunika. La kwanza limetengenezwa kwa gari dogo la familia, la pili kwa gari la mzigo. Ukilivika gari la kulala lile la kwanza, linaweza kwenda vizuri kwa miezi. Ubavu wake utakuwa unajikunja kupita kiasi kila mzunguko na kupata joto, hadi siku moja ya jua kali, mwendo ukiwa mkubwa na tangi limejaa, ndipo litakapopasuka. Fundi anayelirudisha tairi hilo kwenye rafu bila maneno mengi amefanya kazi ambayo mteja hataiona kamwe, kwa kuwa ajali aliyoizuia haitatokea.

Arusha iliwahi kuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre. Nairobi nayo ilikuwa na kiwanda kilichotoa matairi ya Yana hadi kilipofungwa mwaka 2016. Leo matairi tunayoyavaa yanatoka ng'ambo, mapya na ya mtumba, yenye majina mengine ambayo hata fundi hajawahi kuyasikia. Ubavu wa tairi umebaki kuwa shahidi wake mkuu, na yeye anausoma wote, hadi zile tarakimu nne za mwisho karibu na herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa dukani, na jua huuzeesha upesi zaidi. Ndiyo maana mifereji mirefu ya tairi la mtumba haimbabaishi. Analikunja kidogo kwa mkono, anatafuta nyufa nyembamba kwenye ubavu, na akiziona analiweka chini.

Baada ya mzigo inakuja hesabu ya kimo. Tairi la 195/80R15 lina kimo cha milimita 693 hivi. Lile la 215/70R16 linafika 707. Ukipanda hadi 225/75R16 unafika 744. Kwa macho ya mteja hatua hizo ni ndogo, na anayevutiwa na ukubwa atataka ya mwisho. Fundi anamwonyesha bei ya kila hatua. Gari huinuka kwa nusu tu ya ongezeko la kimo, kwa hiyo tairi la 744 linaliinua gari kwa takriban milimita 25. Kisha kila mzunguko wa gurudumu unafunika njia ndefu zaidi kwa asilimia 7 hivi: spidomita ikionyesha 80, kwa hesabu gari linakwenda karibu 86. Injini nayo inalisukuma gurudumu lenye mkono mrefu zaidi, ni sawasawa na gia zote kupandishwa kidogo. Kwenye lami tambarare ya Makuyuni hutalijua hilo. Utalijua unapopanda ukingo wa Ngorongoro, ambao uko juu ya mita 2,200, gari zito, hewa nyepesi, na gia ya pili inakosa nguvu huku ya kwanza ikilia. Breki pia zinapokea uzito mkubwa zaidi wa kusimamisha, tena ulio mbali zaidi na kitovu cha gurudumu.

Kwa hiyo mara nyingi chaguo la fundi huyu ni la kiasi. Anapanda hatua moja, si tatu, na ongezeko anaanza kulitafuta kwenye uwezo wa kubeba na ugumu wa ubavu kabla ya kulitafuta kwenye kimo. Kwa mtu ambaye njia yake ni lami na changarawe, atasema baki na inchi 15, chukua 225/70R15C yenye namba ya mzigo 112. Kimo chake ni milimita 696, karibu sawa na cha kiwandani, lakini kila tairi linabeba kilo 1,120. Spidomita haidanganyi, gia hazilalamiki, na mzigo umepata nafasi ya kupumua.

Swali la pili, la njia, linajibiwa kwa jiografia. Lami kutoka Arusha inakwisha kwenye lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Mbele ya hapo ni vumbi na mawimbi ya barabara yanayolitikisa gari mpaka vikombe vinahama kabati. Ukishuka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka na Ziwa Natron, utakutana na mawe ya volkano yenye makali, ambayo hayashughuliki na uso wa tairi, yanashambulia ubavu. Ukiingia kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, tope hujaza mifereji na tairi lolote hugeuka duara laini. Hakuna tairi moja linaloshinda kote. Tairi pana huelea vizuri kwenye mchanga. Tairi jembamba huweza kulikata tope na kufikia udongo mgumu chini yake, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya 7.50R16 jembamba la Land Cruiser liheshimike kwa miaka mingi. Meno makubwa hushika tope, lakini kwenye lami hupiga kelele, huisha haraka na hurefusha umbali wa kusimama mvua inaponyesha. Fundi anauliza ni siku ngapi za mwaka utakuwa kwenye tope kweli. Jibu la uaminifu mara nyingi humwelekeza mteja kwenye tairi la njia zote, lenye meno ya wastani na ubavu ulioimarishwa.

Sasa picha aliyokuja nayo mteja inapata zamu yake. Rimu za sport zimepangwa ukutani zikimeremeta, na fundi anazigeuza moja moja, kwa kuwa habari za rimu zimeandikwa mgongoni. Hiace inataka matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, na tundu la katikati lisilopungua milimita 106, ambalo linapaswa kuketi kwenye habu kama kifuniko kwenye sufuria yake. Anatafuta alama ya JWL-T, kipimo cha Kijapani cha rimu za magari ya mzigo na mabasi. Ile ya JWL bila T ni ya magari madogo. Kisha anasoma ofseti, yaani umbali kati ya uso unaogusana na habu na mstari wa katikati ya rimu. Hapo vijana wengi hupotea kwa kupenda gurudumu lililotokeza nje. Kila milimita linapotoka, beringi zinakamuliwa zaidi, usukani unakuwa mzito na unavutwa na kila shimo, na kwenye gari lenye mlango wa kuburuta, tairi la nyuma lililozidi linaweza kumzuia mtu asifungue mlango wake mwenyewe.

Wengine watashangaa akisema rimu ya chuma inatosha. Ana hoja. Chuma kikigonga jiwe hujikunja, na kwa nyundo na subira kinaweza kunyooshwa kijijini ili ufike mjini. Aloi ni nyepesi na nzuri, na iliyotengenezwa vyema hudumu, lakini ikipata pigo kubwa huweza kupasuka, na ufa wa aloi hauna dawa porini. Mteja akichagua aloi, fundi anakagua nati. Nati ya koni na nati ya kukalia bapa hazibadilishani, hata kama uzi wake ni uleule na zinaingia kwa mkono bila ubishi.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote: kujaribu. Anafunga gurudumu moja tu mbele na moja nyuma. Anapaka chaki kwenye kingo za tairi, anakata usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, kisha anapandisha gurudumu moja juu ya kilima kidogo cha udongo ili springi zijikunje kama zitakavyojikunja korongoni. Anashuka na tochi kutafuta chaki imegusa wapi. Gari likiwa tupu kipimo hiki hakina maana, kwa hiyo alitaka lije limepakiwa. Mwisho anahakikisha gurudumu la spea, la kipimo kilekile, linaingia kwenye kikapu chake chini ya sakafu ya nyuma. Likigoma kuingia, kazi haijakamilika. Kwa Hiace inayosukumwa na magurudumu yote manne, spea ya kimo tofauti huilazimisha mitambo ya kugawa nguvu kusagana kilomita hadi kilomita.

Kufunga kwenyewe ni kwa utulivu. Anasugua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya. Anaanza nati kwa vidole, anazikaza kwa kuvuka upande hadi upande, anateremsha jeki, anamalizia kwa spana ya kipimo, na anamwamuru mteja arudi kukaziwa tena baada ya kilomita za mwanzo. Upepo anaujaza kulingana na ile karatasi ya mizani na jedwali la mtengenezaji wa tairi, asubuhi, tairi likiwa baridi. Anamfundisha mteja kuupunguza kwenye mchanga na kuurudisha kabla ya kukanyaga lami, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hujipika lenyewe kutoka ndani.

Ukiangalia risiti yake utakuta gharama ya matairi, rimu, balansi na kufunga. Asubuhi nzima ya maswali, hesabu na chaki haikuandikwa popote, na ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko vyote. Mteja mwenye gari la kulala na amfikie fundi wa namna hiyo gari likiwa limepakiwa na karatasi ya mizani mkononi, ampe muda anaouhitaji, na wakati wa kulipa amlipe pia kwa kuchagua.