Mume, Rafiki na Mtoto katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umesomwa mara nyingi kama hati ya utii wa mke. Wahakiki wamebishana juu ya utii huo, wasizingatie vya kutosha kwamba msemaji ni mama mgonjwa na msikilizaji ni bintiye, Mwana Hashima.

Uzazi ndio uliotawala mtazamo wa utendi. Usuhuba wapimwa kwa usalama wa binti: ajiepushe na wajinga wasiojua kujistahi. Mume naye afananishwa na mtoto mdogo asiyejua kunena. Tashbihi hii ni ya mlezi, wala si ya mpenzi.

Lakini mama anapomkumbuka marehemu mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, sauti yabadilika. Hapo hapana mtoto wala mlezi. Pana watu wawili wasioudhiana, na mume amshukuruye mkewe hata kufa.

Basi mafunzo yampa binti mume wa kulelewa, na kumbukumbu yampa mume aliye mwenzi. Kuyasoma mafunzo peke yake ni kumnyima Mwana Hashima nusu ya urithi wake.