Jazz ya Mwisho wa Reli

Mtu wa Simbo, kata ya Kigoma, anaishi kati ya njia mbili za muziki. Njia moja ni ziwa: ng'ambo yake iko Congo na rumba yake. Nyingine ni reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914 na kuufunga mji huo na Tabora, Morogoro na Dar es Salaam. Dagaa, mawese na chumvi ya Uvinza vilipita humo, na magitaa pia. Mahali njia hizo zilipokutana palizaliwa bendi yenye jina linalojieleza: Lake Tanganyika Jazz. Humo ndimo alimoanzia Shem Ibrahim Karenga, mtoto wa Kigoma, kabla hajakwenda Tabora Jazz na kutunga "Dada Asha", wimbo ambao wengi huukumbuka kuliko wanavyomkumbuka mtunzi wake. Alifariki mwaka 2014.

Lakini jazz ya nani?

Swali hilo huulizwa na kila mgeni anayesoma orodha ya bendi za zamani za Tanzania. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz 1944, Western Jazz 1959, Nuta Jazz 1964. Mpenzi wa jazz ya New Orleans akiziweka santuri zao hatasikia alichozoea. Atasikia Kuba kwanza. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za mfululizo wa GV, zenye son na rumba za Kuba, ziliuzwa hadi Afrika Mashariki, na vijana wakazifuata noti kwa noti. Salum Abdallah wa Morogoro alizipenda mno hata bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Maneno ya Kihispania hakuna aliyeyaelewa sana. Mapigo yalieleweka mara moja, kwa kuwa yalikuwa yametoka Afrika na sasa yamerudi.

Hata hivyo jina la jazz halikubandikwa bure. Bendi hizi za dansi zilishika kitu ambacho ndicho moyo wa jazz: mpigaji kupewa nafasi yake aseme, na wenzake kumjibu papo hapo. Gitaa la solo linauliza, la rithim linashikilia, besi linatembea chini, saksafoni inaingia pale mwimbaji anapovuta pumzi. Wimbo huanza taratibu, hadithi ikasikika yote, kisha sebene linafunguka na maneno yanaachia vidole kazi.

Kisha kuna mtindo. Hapa ndipo ufundi wa Kitanzania unapoonekana wazi, na ni ajabu unavyozungumzwa kwa nadra. Kila bendi ilitafuta pigo lake na kulipa jina: Saboso la Western Jazz, Segere Matata la Tabora Jazz, Msondo la Nuta Jazz, na baadaye Sikinde la Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978. Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma za Wazaramo. Yaani fundi alichukua gitaa la umeme, akalipitisha Kuba na Congo, halafu akalirudisha uwanjani kwa bibi yake. Kuiga kunaishia kwenye noti. Mtindo unadai mtu ajue anatoka wapi.

Katika taarab ya Pwani, upande wa Uhindi, mambo yalikuwa yakienda kwa mwendo wake. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, na sauti ya Kiswahili ikaanza kuuzwa madukani. Baada ya hapo sinema za Kihindi zikaja, na nyimbo zake zikaimbwa Mombasa, Tanga na Unguja hata na watu wasiojua neno moja la Kihindi.

Kuna jambo ndani ya nyimbo hizo ambalo wapenzi wengi wa taarab hawajalisikia. Studio za filamu za Bombay zilijaa wanamuziki kutoka Goa waliokuwa wakipiga jazz hotelini usiku na kuingia studio mchana. Mmoja wao, mpiga tarumbeta aliyejulikana kwa jina la Chic Chocolate, anaonekana na bendi yake katika filamu ya Albela ya mwaka 1951. Kwa hiyo aliyechukua wimbo wa filamu na kuutilia maneno ya Kiswahili alikuwa anachukua jazz pia, ikiwa imeshapikwa ndani ya muziki wa Kihindi. Jazz iliingia kwetu kwa milango miwili, na mmoja ulikuwa mlango wa sinema.

Bingwa wa mlango huo alikuwa Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Mashairi yake mengi yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, yule wa Malenga wa Mvita. Watu husema kwa haraka kwamba Bhalo alitia maneno ya Kiswahili kwenye nyimbo za Kihindi, kana kwamba ni kazi ya kubadilisha shati. Jaribu! Mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, nane na nane, na vina viwili visivyobembelezeka. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi ya Kihindi hayajui lolote kati ya hayo. Yanapanda yanapotaka na kukaa yanapopenda. Fundi anatakiwa aikute noti ndefu na silabi yenye mkazo mahali pamoja, kina kianguke pale tabla inapotua, na msikilizaji asihisi neno limevutwa sikio. Bhalo aliyafanya hayo kwa sauti iliyopanda bila kukwama, na shairi likabaki shairi.

Ala nazo zilihama. Taishokoto, yenye nyuzi na vibonyezo mfano wa taipureta, ilibuniwa Japani mwaka 1912, ikapita Uhindi, ikatua Mombasa, ambako kundi la mwimbaji Zuhura Swaleh liliifanya ing'ate masikio. Vibonyezo vyake, kama vile vya kinanda cha Kihindi kinachopulizwa kwa mkono, vimefungwa mahali pamoja. Udi hauna vituo shingoni, hivyo kidole huweza kuteleza hadi kwenye robo ya sauti ya Kiarabu. Mwenye taishokoto hawezi. Alichokipoteza kwenye utelezi alikifidia kwa mapigo makali na ya haraka, na taarab ya Mombasa ikapata mwendo wa kuchezeka.

Mwaka 1966 mjini London, Joe Harriott, Mjamaika wa saksafoni, na John Mayer, mzaliwa wa Kolkata, walitoa santuri ya kuchanganya jazz na raga, na ikasifiwa kama jambo jipya. Baadaye Shakti, kundi la mpiga gitaa John McLaughlin na mpiga tabla Zakir Hussain, lilifanya hivyo kwa ustadi wa kutisha. Wanastahili sifa zote. Ila wakati huohuo kule Tanga, Black Star Musical Club ilikuwa imeweka magitaa ya umeme na besi chini ya mashairi ya taarab, Shakila akiimba juu yake, na Pwani nzima ikafuata. Dansi na taarab zilikaa meza moja bila mkutano wala tamko.

Kazi hiyo bado inaendelea. Chuo cha muziki cha Dhow Countries kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2002 kinafundisha ala za taarab, na bendi changa za Unguja zinapiga udi pamoja na besi na dramu. Kigoma yenyewe imetoa sauti nyingi za muziki wa kizazi kipya. Mwaka 2012 wasanii wake walikusanyika kuimba "Leka Dutigite", wimbo wenye jina la Kiha.

Kinachotia wasiwasi ni nyimbo zilizowatangulia. Katika miaka ambayo bendi za zamani zilistawi, Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo nyingi zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na zikabaki kwenye tepu. Za bendi za mikoani, zilizopigwa kumbini na kunaswa kwa kaseti ya mtu, zimo katika masanduku ya nyumba za Ujiji, Mwandiga na Simbo. Mwenye kaseti ya namna hiyo asiitupe. Airekodi kwenye simu leo, kisha amwendee mzee aliyekuwapo, aandike nani alishika solo, nani alipiga tumba, na mtindo uliitwaje.