Kahawa kwa Mizani

Kijiko hakiaminiki. Buni zikikaangwa mpaka zikawa nyeusi, hupoteza maji na kuvimba, hivyo kijiko chake kikijaa bado ni chepesi kuliko kijiko cha buni zilizokaangwa kidogo. Anayepima kwa kijiko leo anakunywa kahawa, kesho anakunywa kitu cha rangi ya kahawa.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu hapa Nairobi, anapima kwa mizani ndogo ya jikoni. Gramu 30 za buni kwa nusu lita ya maji. Kanuni inayofuatwa na wapikaji wengi ni gramu 60 kwa lita, naye haoni sababu ya kubishana nayo. Huanzia hapo, kisha akionja huongeza gramu moja au kupunguza moja, kutegemea buni za wiki hiyo. Gramu moja! Mimi nilidhani ni mbwembwe, hadi aliponimiminia vikombe viwili nikavitofautisha.

Wengi wetu tusiopenda uchungu hupunguza kahawa. Hapo ndipo tunapopotea. Unga ukiwa kidogo na maji yakiwa mengi, maji hayo huendelea kuukamua hata baada ya kutoa utamu wake, yakafikia yale machungu na makavu yanayochelewa kuyeyuka. Matokeo yake ni kinywaji chepesi na kichungu kwa pamoja. Katika miaka ya 1950 mwanakemia Ernest Lockhart, nchini Marekani, alichora chati iliyotenganisha mambo haya mawili: ukali wa kinywaji upande mmoja, na upande wa pili sehemu ya unga iliyoyeyuka. Kahawa iliyowapendeza wanywaji ilikuwa ile iliyotoa asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa unga. Kwa hiyo uchungu ukizidi, mwalimu hagusi kiasi. Anasaga chembe kubwa kidogo ili maji yapite upesi.

Anasaga kwa mkono, muda mfupi kabla ya kupika, na hapo hana haraka hata kidogo. Chujio lake ni la karatasi, uvumbuzi wa Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, mwaka 1908. Mama huyo alianza na karatasi ya kukaushia wino aliyoitoa kwenye daftari la mwanawe. Mwalimu anaipenda sana habari hiyo, labda kwa kuwa amekusanya madaftari maisha yake yote.

Maji ya Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94, kwa sababu ya mwinuko wa mji, nayo kahawa hutaka maji ya kati ya nyuzi 92 na 96. Kwa hiyo anayatoa motoni na kuyatumia papo hapo. Wa Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100, ni vyema asubiri kidogo.

Kwanza anamimina gramu 60 tu, mara mbili ya uzito wa unga, kisha anatulia nusu dakika. Unga unavimba na kutoa mapovu. Ni gesi iliyobaki ndani ya buni tangu zilipokaangwa, na isipotoka huyazuia maji kupenya. Buni zilizokaa sana hazivimbi, naye hutikisa kichwa akiona hivyo. Baadaye anamimina taratibu kwa kuzungusha, macho kwenye mizani, mpaka gramu 500 zitimie. Buli halipati zote: unga hubaki na maji karibu maradufu ya uzito wake, kwa hiyo tunagawana gramu 440 hivi.

Mgeni akibisha hodi katikati ya kazi, haongezi maji. Anapika upya.

Sukari iko mezani, na hamkatazi mtu kuitumia. Ombi lake ni moja tu, funda la kwanza linywewe bila sukari.