Kuionyesha Kariakoo Ukiwa Tunduma

Mabanda ya maonyesho ya wanafunzi yanayohusu majengo hufanana kama pacha. Kuta tatu za plaiwudi zimefunikwa kitambaa, picha zimebandikwa, na mezani pamewekwa jengo dogo la maboksi lililopakwa rangi. Mtazamaji anasifu mikono ya vijana, kisha anaondoka bila kujua jengo lile linafanya kazi gani. Soko kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam, alilolisanifu Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, haliwezi kuelezwa kwa njia hiyo. Ubunifu wake unaonekana mvua inaponyesha. Wanafunzi wa Tunduma au Vwawa wakilichagua, basi banda lao liwe na kazi moja tu, kuonyesha maji yakitoka paani hadi kwenye tangi.

Paa lile ni kundi la miavuli ya zege iliyopinduliwa. Mwavuli wa kawaida humwaga maji pembeni. Huu huyakinga, ukayapeleka katikati, yakashuka hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Umbo hilohilo linabeba paa, linatia kivuli na kuvuna maji, huku nafasi zilizoachwa wazi zikipitisha hewa. Miavuli ya ukoo huu ilivuma Mexico miaka ya 1950 mikononi mwa msanifu majengo Félix Candela, ambaye ganda lake la zege lilikuwa na unene wa sentimita 4 hivi. Kinachoshangaza ni kwamba uso wake umepinda kama tandiko la punda, lakini umesukwa kwa mistari iliyonyooka. Kwa hiyo fundi anaupangia mbao zilizonyooka za kumwagia zege, asihangaike kupinda hata moja.

Jambo hilo halielezeki kwa picha, ila uzi unalieleza kwa dakika tano. Chukua fremu ya mraba ya mita 1 kwa mita 1, iinue kwa miguu minne, kisha katikati ya kila upande teremsha ubavu wa mbao hadi kwenye kitovu kilicho chini. Gonga misumari midogo kwa idadi sawa kwenye kila ubavu na kwenye ukingo wa nje unaotazamana nao. Vuta uzi wa kushonea viroba, ukaze, msumari kwa msumari. Hakuna uzi uliopinda, na bado uso mzima umepinda. Juu yake tandaza kitambaa kilichochovywa kwenye uji wa saruji, kifunike kwa gunia bichi siku mbili, toboa kitovu, pitisha bomba, weka ndoo. Kila mita ya mraba hutoa lita 1 kwa kila milimita ya mvua, kwa hiyo lita 10 zikimwagwa pale ni mvua ya milimita 10.

Atakayeuliza kwa nini wasionyeshe stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyo hapahapa Tunduma ana hoja. Reli ile ya kilomita 1,860 ni ya kizazi hichohicho cha miaka ya 1970. Lakini stesheni inafikika kwa miguu, na mji unaohangaikia maji una haja zaidi ya kuelewa paa linaloyavuna. Pingamizi zito ni jingine: mfano mdogo hudanganya kuhusu nguvu. Ukipunguza jengo mara 10, uzito wake hupungua mara 1,000 ilhali eneo la mkato linalobeba uzito huo hupungua mara 100 tu. Kitambaa chenye saruji kitasimama hata kikitengenezwa ovyo. Kibao cha banda kiseme hivyo waziwazi: hapa tunaonyesha umbo na njia ya maji, nondo na msingi havimo.

Wengine wataogopa maji kuchafua banda mbele ya majaji. Besheni linatosha. Tena uchafu una somo lake, kwa sababu paa linalopeleka maji yote katikati linategemea tundu moja. Mwanafunzi adondoshe majani mawili matatu pale, amwage jagi la pili, mtazamaji aone mwavuli ukijaa kama bakuli na lita 10 zikigeuka kilo 10 juu ya ganda jembamba, na aulize mwenyewe ni nani hupanda juu kuzibua.