Kichocheo, Hai, Pole na Endelevu: Uhakiki wa Istilahi Nne za Kemia

Miezi michache iliyopita tuliletewa rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha kemia ili tuipitie kabla haijapigwa chapa. Kijitabu chenyewe chawaeleza wasomaji wasio wanakemia jinsi viwanda vya dawa vinavyoziacha njia za zamani za kutengeneza misombo, zilizohitaji joto kubwa na kuzaa taka nyingi, na kushika njia zitumiazo vichocheo. Mfasiri ni mtu wa kazi. Kiswahili chake ni safi, sentensi zake zasomeka, wala hakuziba mapengo kwa maneno ya kukopa kila alipokwama. Hata hivyo, tulipomaliza kusoma tuliona kwamba mwalimu atakayeiamini tafsiri hii atawafundisha wanafunzi wake kemia isiyo kweli, na kwamba makosa mengi hayakutoka kwa mfasiri bali yalitoka katika istilahi alizozikuta. Kwa hiyo uhakiki huu watuhusu sisi tulio katika kazi ya istilahi kabla ya kumhusu yeye.

Tuanze na neno kichocheo lenyewe. Kuchochea ni kazi ya jikoni: ni kusukuma kuni mafigani ili moto uwake zaidi. Kutoka jikoni neno likaingia katika ugomvi, na kutoka katika ugomvi likafika mahakamani, ambako uchochezi ni kosa la jinai. Njia zote hizo zina maana moja ya msingi, yaani kuongeza ukali wa jambo. Sasa mwanakemia akilichukua neno hili anataka kutaja kitu ambacho, kwa kweli, kinamwezesha mpishi kuondoa kuni. Mmenyuko wowote una kizingiti chake cha nishati. Bila kukivuka, viungo vikae pamoja mwaka mzima havitageuka kitu kingine. Zipo njia mbili za kukivuka. Ya kwanza ni kuongeza joto mpaka molekuli zipate nguvu ya kuruka. Ya pili ni kuzionyesha mlango mwingine ulio chini zaidi, na kazi ya mlango huo ndiyo ya kichocheo. Jina letu, basi, laelekeza fikira kwenye njia ya kwanza ilhali kitu chenyewe ni cha njia ya pili.

Je, wengine walifanyaje? Berzelius, mwanakemia wa Sweden, alipokusanya mwaka 1835 habari za mageuko yaliyokuwa yakiwashangaza wenzake, kama wanga unaogeuka sukari mbele ya asidi huku asidi yenyewe ikibaki, alilitunga jina lake kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kulegeza au kufungua. Hilo si baya. Wajapani walikwenda mbali zaidi: neno lao shokubai laandikwa kwa alama mbili, na ya pili ni ile ile inayotumika kumtaja mpatanishi wa ndoa. Nasi tunaye mshenga. Mshenga huenda nyumba hii na nyumba ile, hushughulika kweli kweli, na harusi ikiisha hurudi kwake akiwa huru kutumwa kwingine. Ni vigumu kupata mfano bora kwa mwanafunzi wa kidato cha pili.

Hatupendekezi kwamba mshenga achukue nafasi ya kichocheo. Neno kichocheo limekwisha kukaa katika kamusi, katika vitabu na katika vinywa vya walimu, na istilahi iliyokwisha kukaa haing'olewi kwa sababu ya asili yake tu. Hakuna asemaye leo kwamba tuiache barua pepe kwa kuwa pepe haivumi. Aidha mfano wa mshenga una mwisho wake. Kichocheo hakibadili kikomo ambacho mmenyuko ungefikia wenyewe. Chabadili muda wa kufika tu, na kile kiharakishacho kwenda ndicho kiharakishacho kurudi. Mshenga anayeharakisha talaka kwa bidii ile ile aliyoharakishia ndoa hatumjui.

Tunachodai ni mambo mawili. Kwanza, tendo lenyewe liitwe uchocheaji, na uchochezi uachiwe mahakama. Rasimu yetu iliandika “uchochezi wa paladiamu”, na karani mmoja aliyekuwa akiichapa alicheka, naye alikuwa na haki ya kucheka. Pili, kichocheo kipunguziwe mizigo. Hivi sasa neno hili labeba dhana ya kemia tuliyoitaja, labeba homoni, labeba kitu kinachoamsha hisia za mnyama, na katika nyaraka za uchumi labeba msamaha wa kodi. Homoni ina jina lake na iitwe hivyo. Lile la hisia litafutiwe neno, na kisisimshi si baya. La kodi tunawaachia wanauchumi, nao wana maneno motisha na kivutio.

Lililotusikitisha zaidi ni fasili. Rasimu yasema: “kitu kinachoongeza kasi ya mmenyuko bila kushiriki, kikitumika kwa kiasi kidogo.” Fasili hii imeenea, na maneno “bila kushiriki” si kweli. Kichocheo hushiriki, hushikana na viungo, hugeuka kwa muda, kisha huachiliwa kikiwa kama kilivyokuwa. Ostwald, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1909 kwa kazi zake, zikiwamo za uchocheaji, alisema jambo la kadiri zaidi, kwamba kichocheo hakionekani katika mazao ya mwisho ya mmenyuko. Kutoonekana mwishoni ni jambo moja, na kutoshiriki ni jambo jingine. Nayo maneno “kiasi kidogo” yanakanushwa na kijitabu chenyewe kurasa chache mbele, kinapoeleza kazi ya Benjamin List na wenzake ya mwaka 2000. Hao walitumia prolini, asidi amino iliyomo katika protini za miili yetu, kuunganisha asetoni na aldehidi katika joto la kawaida la chumba, na walitumia karibu molekuli 30 za prolini kwa kila molekuli 100 za aldehidi. Kidogo hapo ni kipi? Kazi hiyo pamoja na ile ya David MacMillan ya mwaka huo huo ndiyo iliyowapatia wawili hao Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021.

Na hapa twafika kwenye neno la pili. Jina la vichocheo vya aina ya prolini limefasiriwa katika rasimu kuwa “vichocheo hai”, na fani nzima ya kutengeneza misombo ya kaboni kuwa “usanisi hai”. Twajua neno hai lilikotoka: limetoka katika kilimo hai, ambako linaeleweka na linafaa. Lakini katika kemia linaturudisha nyuma karibu miaka mia mbili. Wakati wa Berzelius iliaminika kwamba misombo ya namna hiyo haiwezi kupatikana ila kwa nguvu iliyomo ndani ya viumbe. Mwaka 1828 Wöhler, aliyekuwa mwanafunzi wake, alipata urea, kitu cha mkojo, kutokana na chumvi isiyo na uhai. Neno likabaki katika lugha za Ulaya kwa mazoea, maana yake ya kale ikiwa imekwisha kufa. Hatuna sababu ya kuifufua maana hiyo katika Kiswahili na kumfanya msomaji adhani kwamba prolini iliyo chupani ina uhai.

Wapo wanaopendelea “kichocheo cha kaboni”. Kwa jina la fani twakubaliana nao: usanisi wa misombo ya kaboni ni maelezo ya kweli, ingawa ni marefu. Kwa kichocheo hatukubaliani nao, kwa kuwa mafundi hutumia kila siku paladiamu iliyopakwa juu ya unga wa mkaa, na kichocheo cha kaboni kitamfanya mtu auendee mkebe huo. Twaona kichocheo ogania chafaa zaidi. Ni neno la kukopa, ndiyo. Lakini heri mgeni asiyedanganya.

Neno la tatu ndilo lenye hatari, nasi twaomba watumishi wanaofasiri maelekezo ya usalama walitazame kwa makini. Kijitabu chasifu mmenyuko unaofanyika katika joto la chini, kanieneo ya kawaida, na bila asidi wala besi kali. Mfasiri aliandika mahali pengine “hali pole”, mahali pengine “hali laini”, na mahali patatu aliandika “hali salama”. Pole na laini ni kasoro ya mtindo tu. Salama ni kosa. Tuchukue mfano wa ibuprofeni, dawa ya maumivu ambayo kijitabu kimeipa sura nzima, na kwa haki. Njia ya kwanza, ya kampuni ya Boots ya Uingereza, ilikuwa na hatua sita, na katika atomu zote zilizoingizwa ni asilimia 40 hivi tu, kwa uzito, zilizoishia ndani ya dawa. Zilizobaki zilikuwa taka, ikiwamo kloridi ya alumini iliyotumika mara moja na kutupwa. Njia mpya, iliyoanza kutumika kiwandani Texas mwaka 1992 na kupewa tuzo ya Rais wa Marekani ya kemia ya kijani mwaka 1997, ina hatua tatu, na kiasi hicho hupanda hadi asilimia 77 hivi. Huo ni ushindi mkubwa wa uchocheaji. Lakini kichocheo cha hatua ya kwanza ni floridi ya hidrojeni, kitu kinachochoma ngozi, kupenya mpaka mfupani na kuweza kuua, na hatua ya tatu hutumia kaboni monoksidi, hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Taka zimepungua, hatari kwa aliye karibu na mtambo haikuondoka, bali imefungiwa kwa uangalifu. Mfanyakazi akisoma “hali salama” akavua glavu, nani atalaumiwa?

Pendekezo letu ni hali tulivu. Utulivu hueleza kwamba joto na kanieneo havikupandishwa, wala hautoi ahadi nyingine. Bahari tulivu nayo huzamisha.

Endelevu, neno la nne, halikumkosesha mfasiri kwa uzembe. Tangu ripoti ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987 kueneza dhana ya maendeleo yasiyowanyang'anya watakaozaliwa haki yao, neno hili limepata kazi katika kila wizara. Shida ni kwamba katika kiwanda cha kemikali ipo dhana nyingine inayolidai: mtambo ambao malighafi huingia upande mmoja na zao kutoka upande wa pili bila kusimama, tofauti na sufuria inayopakuliwa na kujazwa upya. Katika ukurasa mmoja wa rasimu “mchakato endelevu” una maana hizi mbili kwa zamu, na msomaji hana njia ya kuzitenganisha. Wa pili uitwe mchakato wa mfululizo, na shauri liishe.

Ama endelevu ya mazingira, hiyo yahitaji kipimo ili isiwe sifa tupu. Kipimo kipo. Roger Sheldon alipendekeza mwaka 1992 kuhesabu kilo za taka kwa kila kilo ya zao, akaonyesha kwamba viwanda vya kusafisha mafuta ya petroli, tunavyovidhania vichafu, hutoa chini ya kilo 0.1, ilhali viwanda vya dawa hutoa kutoka kilo 25 hadi zaidi ya 100. Mfasiri alikiruka kifungu hicho, pengine kwa kukosa neno. Twashauri kigawo cha taka. Vilevile yafaa kukumbuka kwamba paladiamu na rodiamu huchimbwa, kwa wingi Afrika Kusini na Urusi, na mwamba mwingi huvunjwa kwa gramu chache.

Kuhusu kimeng'enya tutasema machache. Kumeng'enya ni kusaga chakula tumboni, na vimeng'enya vya kwanza kujulikana vilikuwa vya kazi hiyo, kwa hiyo jina lilistahili. Siku hizi vinajenga. Dawa ya kisukari iitwayo sitagliptini ilikuwa ikitengenezwa kwa rodiamu na hidrojeni yenye kanieneo kubwa. Mwaka 2010 watafiti wa Merck na Codexis walitangaza kimeng'enya kilichobadilishwa hatua kwa hatua mpaka kikaweza kazi hiyo, na taka zikapungua kwa asilimia 19. Hapo hakuna kinachomeng'enywa. Lakini neno limekwisha kuacha asili yake nyuma, nasi hatuoni haja ya kuligusa.

Limebaki moja ambalo hatukulimaliza. Wanakemia huhesabu ni mara ngapi molekuli moja ya kichocheo hufanya kazi kabla haijachoka: prolini ya List, kwa hesabu ya 30 kwa 100, haikuzidi mara tatu na kidogo, wakati vichocheo vizuri vya metali hufika maelfu. Rasimu iliandika “uimara”, na si hivyo, kwa kuwa kitu chaweza kuwa imara na kisifanye kazi. Mmoja wetu alitaka tripu, kama wahesabuvyo madereva wa malori ya mchanga, akashindwa kwa kura. Tumeandika kwa penseli “idadi ya mizunguko”, tukatia alama ya kuuliza pembeni, na rasimu imerudi kwa mfasiri hivyo hivyo.